Paka wa Misri, bati la Walikale na mikono yetu

Wandugu, vijana wa Goma, Sake, Masisi na Walikale, na ninyi mulio mbali, Kinshasa, Kampala, Nairobi na Ulaya,

Kuna picha zinazunguka sana kwenye magrupu yetu ya WhatsApp. Ni sanamu za miungu ya Misri ya zamani: mtu mwenye kichwa cha mbweha, mwingine kichwa cha mwewe, mwanamke mwenye kichwa cha simba, paka aliyekaa wima na hereni masikioni. Chini yake mtu anaandika: "Hii yote ni yetu, walituiba." Watu wanaweka moto, wanaweka ngumi, wanaweka moyo. Kisha tunapita, tunaenda kuangalia ingine.

Sisi hatucheki hiyo hamu. Mtoto aliyezaliwa kambini, aliyesoma shule inayofungwa kila vita ikikaribia, anatafuta fasi ya kuweka kichwa chake juu. Na kusema Misri ni Afrika si uongo wa mtandao. Cheikh Anta Diop, mwanachuoni wa Senegal, aliitetea hoja hiyo kwa kitabu kizima mwaka 1954, wakati ambapo kuisema kulikuwa kujitafutia matata. Tunamheshimu.

Lakini tunauliza swali moja ambalo hatujaona likiulizwa chini ya zile picha: sanamu zile zilitengenezwa kwa nini?

Nyingi ni za bronzi. Bronzi haichimbwi mahali popote. Hakuna mgodi wa bronzi duniani. Bronzi inapikwa: unachukua shaba, unaongeza bati, unayeyusha pamoja. Shaba peke yake ni laini, na kuimimina kwenye umbo dogo lenye masikio na kucha ni kazi ngumu. Ukiitia bati, inakuwa ngumu zaidi, na ikiwa moto inaingia vizuri mpaka kwenye vidole vya sanamu. Bati tunalosema hapa si lile la kufunikia nyumba, manjanja. Ni madini yenyewe, yale yanayotoka kwenye kasiterite.

Sasa munaanza kuona tunaenda wapi.

Kuna paka mmoja mashuhuri yuko London, kwenye British Museum, tangu mwaka 1947. Anaitwa paka wa Gayer-Anderson, kwa jina la Mwingereza aliyekuwa naye. Ana miaka kama 2,600. Ana pete za dhahabu masikioni na puani. Wataalamu walipima mwili wake: karibu 85 kwa mia ni shaba, kama 13 kwa mia ni bati, kiasi kinachobaki ni aseniki kidogo na risasi kidogo sana. Mwezi wa tano 2022, huko Saqqara karibu na Cairo, wachimbuaji wa Misri walitangaza kwamba wamepata sanamu za bronzi 150 kwa mara moja, Anubis, Bastet, Osiris, Isis na wengine. Watu wa kawaida walikuwa wanazinunua na kuzipeleka hekaluni kama sadaka. Hekalu likijaa, makuhani wanazizika kwa heshima. Na chini ya sanamu nyingi kuna maandishi madogo: yanamwomba mungu ampe uhai fulani, mtoto wa fulani. Jina la mtoaji liko pale, na jina la mzazi wake, mpaka leo.

Tusidanganyane: bati la paka yule halikutoka Walikale. Hakuna alama yoyote inayoonyesha hivyo, na asiwadanganye mtu. Hata maji hayatuungi. Mvua ikinyesha Rutshuru inaingia ziwa Edward, inashuka Semliki, mwishowe inafika Nile na inapita mbele ya Cairo. Mvua ya Masisi na Walikale inaenda upande mwingine, kwenye Lowa, kisha Lualaba, inapita Kisangani mpaka baharini. Wamisri walitafuta bati lao jangwani kwao na kwa biashara ya mbali. Mabaki ya meli iliyozama karibu na Uturuki, miaka kama 3,300 iliyopita, yalikutwa na tani kumi hivi za shaba na kama tani moja ya bati. Ni kipimo cha bronzi kabisa. Sehemu ya bati lile ilisafiri kutoka Asia ya Kati, milima na milima.

Basi fikirini. Watu wa zamani zile walivuka nusu ya dunia kuikutanisha shaba na bati. Na Kongo? Shaba iko Katanga, mpaka Mobutu akaupa mkoa ule jina la Shaba, kuanzia 1971 hadi 1997. Mwaka 2024 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, ya pili duniani baada ya Chile. Bati liko Walikale. Vyote viwili viko chini ya bendera moja. Hatuhitaji meli. Lakini ukitaka leo kumimina kengele moja ya shule kwa shaba ya Kolwezi na bati la Bisie, utalikuta wapi? Shaba imepita Durban au Dar es Salaam. Bati limepita Uganda na kwenda kuyeyushwa Asia. Vyote vitarudi kwetu vikiwa simu, nyaya na pampu za maji, na bei juu.

Hili njo tunataka kusema leo: heshima ya madini inabaki kwa yule anayeyafanyia kazi ya mwisho. Wamisri hawakumbukwi kwa sababu walikuwa na shimo. Wanakumbukwa kwa sababu walikuwa na karakana.

Tuangalie shimo letu sasa.

Bisie iko msituni Walikale. Kasiterite ilianza kuchimbwa pale kwa wingi mnamo 2002. Wazee na kaka zetu wanakumbuka: gunia la kilo 50 mgongoni, safari ya siku mbili kwenye tope mpaka Njingala, kizuizi baada ya kizuizi, na kila kizuizi kinataka chake. Kisha ndege ndogo zinatua juu ya barabara ya lami pale Kilambo na kupeleka mzigo Goma. Wenye silaha walibadilishana mgodi ule kama watu wanaobadilishana kiti: kundi la Mai-Mai, brigedi ya jeshi, brigedi ingine. Mwezi wa tisa 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema. Mwezi wa tatu 2011 akaufungulia tena. Katikati pale, familia zilikula nini, hakuna aliyeuliza.

Leo Bisie iko chini ya kampuni ya Alphamin, inayochimba kwa mashine tangu 2019. Ni kati ya migodi ya bati yenye utajiri mkubwa zaidi duniani. Mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani 17,000 za bati, kama 6 kwa mia ya bati lote la dunia. Mwezi wa tatu 2025 M23 walipofika Walikale-centre, kazi ilisimama wiki kadhaa, na bei ya bati ikapanda kwenye soko la London. Tusome tena: bunduki zinalia Walikale, bei inatikisika London. Ndiyo nguvu tuliyo nayo chini ya miguu. Lakini kinachoondoka pale ni mchanga mweusi uliosafishwa. Bati lenyewe linazaliwa kwingine.

Masisi iko Rubaya. Koltani yake inakadiriwa kuwa kama 15 kwa mia ya tantali ya dunia, ile inayokaa ndani ya simu hii unayosomea. Tangu mwisho wa mwezi wa nne 2024 Rubaya iko mikononi mwa M23. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka ule ule kwamba kodi ya koltani ya pale ilikuwa inaingiza angalau dola 800,000 kila mwezi. Kabla yao wengine walikuwa wanakula pale pale, wengine na magwanda ya serikali, wengine na jina la kulinda wananchi. Sisi hatuchagui mwizi wetu. Mwenye silaha atoke kwenye shimo, awe nani.

Na mlima ule unaanguka. Mvua ikinyesha sana udongo unashuka juu ya watu, tena na tena. Mara ingine tunasikia idadi kwenye redio, mara ingine hata idadi hatusikii. Hapa njo moyo wetu unauma zaidi. Kwa miaka mingi kuna mfumo wa kutia kila gunia alama yenye namba, ili mnunuzi wa mbali ajue limetoka shimo gani. Gunia lina namba. Mtu aliyefunikwa na udongo wakati wa kulijaza hana daftari linalomwandika. Miaka 2,600 iliyopita mtu wa kawaida wa Misri alinunua sanamu ndogo ya paka, na jina lake tunalisoma bado, yeye na mzazi wake. Kijana wa Masisi alikufa mwaka huu akitafuta koltani, na hata ofisi haiwezi kutuambia alikuwa mtoto wa nani.

Hatusemi Misri ilikuwa paradiso. Farao hakuwa ndugu wa maskini, na kazi ya jangwani iliua watu. Lakini hata kule Sinai, walikochimba shaba na feruzi, kwenye hekalu la Hathor pale Serabit el-Khadim, misafara ya wachimbaji iliacha majina yao juu ya mawe. Tena wanachuoni wengi wanaona kwamba alfabeti ya kwanza ilizaliwa fasi zile, kati ya wafanyakazi wa migodi. Herufi unazosoma sasa zina ukoo na alama zile. Mchimbaji alikuwa mtu wa kuandika jina lake.

Mtu atatuambia: "Ninyi vijana wa mjini munaota. Bronzi, Misri, karakana! Kwetu hatuna hiyo mila." Hapana, mkubwa. Tunayo, na iko Walikale kabisa.

Wanyanga wana hadithi ya Mwindo. Mzee Shé-Kárisi Rureke aliisimulia na kuiimba mwaka 1956, na mwaka 1969 Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, mwana wa Kinyanga mwenyewe, wakaitoa kama kitabu. Baba yake Mwindo, chifu Shemwindo, hakutaka mtoto wa kiume. Anajaribu kumwua tangu siku ya kwanza. Mwindo anapona, na siku ya kurudi kumkabili baba yake anapitia kwa wajomba zake wa upande wa mama. Wajomba wale ni popo, na kazi yao ni uhunzi. Wanamfulia nguo za chuma: viatu, suruali, shati na kofia. Hawampi gunia la mawe wakamwambia nenda ukauze. Wanapiga chuma mpaka kinakuwa kinga ya mtoto wao.

Munaona? Wamisri walifanya madini kuwa miungu yenye vichwa vya wanyama. Wanyanga waliwafanya popo kuwa wahunzi wanaomvalisha mtoto chuma. Hadithi ni mbili, watu ni mbalimbali, hakuna haja ya kulazimisha undugu. Lakini zote mbili zinajua jambo ambalo kontuari za leo hazitaki tujue: kati ya jiwe na nguvu kuna mhunzi. Na hadithi ya Mwindo haijafungiwa kabila moja. Mtoto wa Masisi, Mhunde, Mhutu, Mtutsi, Mtembo, awe nani, akiisikia ataelewa, kwa sababu kila mmoja wetu amekwisha kuona mkubwa anayetaka kumaliza watoto wake.

Na wahunzi hawajaisha. Nenda Birere, nenda Virunga, nenda upande wa Katindo: watu wanakata vyuma vya zamani wanatengeneza babula, wanachomea milango, wanayeyusha aluminiamu ya injini zilizokufa na kuimimina kwenye mchanga mpaka inakuwa sufuria. Chukudu wetu, ambao dunia nzima inawapiga picha, ni kazi ya mikono ile ile. Tulimjengea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye rond-point. Sanamu nzuri, tunaipenda. Ila iangalieni vizuri siku ingine mukipita: hata pale juu, amebeba mzigo.

Wengine watasema: vita kwanza iishe, na umeme hakuna. Kuhusu vita, tunajibu kwamba shimo lisilo na karakana ni sehemu ya vita. Mawe mabichi ni rahisi kutoza kizuizini, ni rahisi kuvusha mpaka usiku, na yanalipa bunduki haraka. Kazi yenye mafundi na madaftari ni ngumu zaidi kuiba kimyakimya. Kuhusu umeme, Wamisri hawakuwa nao. Walikuwa na makaa, mivukuto na nta ya nyuki: unachonga paka kwa nta, unamfunika kwa udongo, unachoma mpaka nta inatoka, unamimina bronzi kwenye nafasi iliyobaki, kisha unavunja udongo. Bati lenyewe linayeyuka kwa digri 232. Kulitoa ndani ya kasiterite kunataka moto mkali zaidi, lakini si muujiza: Kigali kuna kiwanda kinachoyeyusha kasiterite. Kigali ni saa chache kutoka Goma. Walichoweza wao hatuwezi kwa nini?

Tuseme pia ukweli wa upande mwingine. Koltani si ya babula: tantali inayeyuka juu ya digri 3,000, na kiwanda chake ni mambo ya pesa nyingi na wahandisi wengi. Kwa hiyo tuanze na bati, ambalo liko ndani ya uwezo wa nchi sasa. Na tafadhali, mtu asijaribu kuyeyusha madini jikoni kwa mama. Moshi wa risasi na aseniki unaua polepole. Tunataka karakana zenye walimu, hatutaki mazishi mapya.

Pesa? Ziko. Sheria ya madini ya 2018 inagawa mrabaha hivi: 50 kwa mia serikali kuu, 25 mkoa, 15 sekta au chefferie ambako mgodi uko, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni inapaswa kutoa 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii za pale. Sheria ile ile inataka madini yatengenezwe ndani ya nchi, kisha inaacha mlango wa ruhusa, na kila mtu anapita kwenye mlango ule.

Kwa hiyo sisi tunadai:

Moja. Daftari la majina. Kila mgodi wa Masisi na Walikale uwe na orodha ya waliokufa kazini, jina lao na la mzazi wao, kwenye ofisi ya sekta na ya SAEMAPE, na nakala ibandikwe ukutani. Gunia lisiwe na heshima kuliko mtu. Yeyote anayeshika eneo leo atajibu kwa majina hayo kesho.

Mbili. Hesabu ya ile 15 kwa mia na ile 0.3 kwa mia isomwe mbele ya wananchi, kwa Kiswahili, kila miezi sita.

Tatu. Kutoka kwenye pesa hizo, karakana ya kuyeyusha na kumimina madini kwenye shule ya ufundi Walikale na ingine Masisi, na mafundi wa Birere walipwe kama walimu. Waanze na vitu vidogo: kengele, bomba, vipuri vya mashine za kusaga.

Nne. Serikali iseme tarehe ambayo bati la Walikale litaanza kuyeyushwa Kongo. Tarehe, si hotuba.

Tano. Mwindo aingie darasani. Mtoto wa Walikale asijue jina la Anubis kwa simu na kukosa kumjua Mwindo kwa mwalimu.

Na sisi wenyewe? Tusikae tukingoja. Kila selula ya mtaa imtafute mhunzi mmoja mwezi huu. Muketi naye, mumuulize alijifunza kwa nani, anapata chuma wapi, nini kinamkosea. Muandike, mutume. Walio karibu na familia zilizopoteza watu kwenye mashimo, waanze kuandika majina kwa ruhusa ya familia, na wayaweke fasi salama. Musiyaweke kwenye mtandao, munajua kwa nini.

Picha ya paka wa bronzi endeleeni kuituma. Ni nzuri, na iliyotengenezwa Afrika ni ya kujivunia. Ila mukiituma, muongeze mstari mmoja chini: "13 kwa mia ni bati. Letu linaenda wapi?"

Wajomba zake Mwindo walimvalisha kabla hajaenda vitani. Sisi bado tuko uchi, na chuma kiko nyuma ya nyumba.

Tusimame.